Kamera ya Safari Isiyozidi Kilo Moja: Nilivyoichagua Nikiwa Kigoma

Kabla hujamuuliza mtu kamera gani ni nzuri ya safari, ipeleke uliyonayo kwenye mizani. Mimi nilikwenda kwa muuza unga wa jirani, hapa mtaa wa Mwanga mjini Kigoma, nikaweka juu ya mizani yake Nikon D7000 yangu, lenzi ya 18-200 na lenzi ya 70-300 (namba hizo ni milimita: zikiwa kubwa, lenzi inavuta vitu vya mbali zaidi). Kilo mbili na ushee. Hapo bado chaja, flashi, betri za akiba na begi lenyewe, ambalo hata likiwa tupu lina uzito wake. Mzigo wote ukakaribia kilo nne.

Sina ugomvi na kamera hiyo, imenilisha. Ni ya harusi, send-off na mahafali. Ukumbini kuna meza ya kuiwekea, kuna kijana wa kunishikia taa, na bibi harusi akiuona mtambo mkubwa anatulia, anajua kazi itafanyika. Shida ilianza nilipotaka kupiga picha za mkoa wetu kwa raha yangu mwenyewe: ziwa, reli, vijiji vya mwambao, milima ya kuelekea Kasulu. Huko unapanda boti kwa kukanyaga maji, unapanda bodaboda ukiwa na mtu mwingine mbele na gunia nyuma, unapanda mlima kwa miguu. Kila nilipofunga begi nilijiuliza niichukue au niiache, na mara nyingi niliiacha. Bibi yangu mzaa mama alifariki kijijini Kasulu, na picha nilizonazo za miaka yake ya mwisho ni za simu, zimepigwa jioni jikoni penye moshi, zimejaa chenga, ule mchangamchanga wa picha za gizani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndilo lililonifanya nianze kutafuta kamera nyepesi kwa dhati.

Wengi wataniambia simu inatosha. Mchana wa jua kali, simu nzuri inatosha kweli, na ukiitazama picha kwenye kioo chake huoni tofauti. Tofauti inakuja mahali pawili: mwanga ukipungua, na kitu kikiwa mbali. Kigoma mahali hapo pawili ndipo penye picha. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Jua la utosi linafika karibu saa saba mchana. Mgeni anayetoka hotelini saa tatu asubuhi amekwisha kukosa mwanga mzuri wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, na anayerudi kula saa kumi na mbili jioni ameuacha wa pili.

Nikaanza kusoma, nikagundua kuwa nilikuwa naangalia mahali pasipo. Nilikuwa nalinganisha uzito wa bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, wakati uzito halisi unakaa kwenye lenzi, na ukubwa wa lenzi unafuata ukubwa wa sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Chukua Sony A7C. Ina sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, na bodi yake ni gramu 509 tu. Unafurahi. Halafu unatafuta lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, 70-300 ya kampuni hiyo hiyo, unakuta ina gramu 854. Umerudi ulikotoka, tena kwa fedha nyingi zaidi.

Ukishuka kwenye sensa ya APS-C, ambayo ni kama milimita 23.5 kwa 15.6, mambo yanapungua. Sony a6000 ni gramu 344, lenzi yake ndogo ya 16-50 ni gramu 116, na ile ya 55-210 ni gramu 345. Jumla gramu 805. Ukishuka tena kwenye Micro Four Thirds, mfumo ulioanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, sensa inakuwa milimita 17.3 kwa 13, na lenzi zinakuwa ndogo ajabu. Olympus E-M10 Mark II ni gramu 390 pamoja na betri, lenzi ya 14-42 EZ ni gramu 93, na 40-150 ni gramu 190. Jumla 673. Kwenye mfumo huu milimita za lenzi unazizidisha kwa mbili ukitaka kulinganisha na sensa kubwa, kwa hiyo 150 inavuta kama 300.

Niliitazama pia Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, gramu 240 na inaingia mfukoni. Ni kamera nzuri sana kwa mtu wa mijini. Lakini lenzi yake haibadilishiki, inafika kwenye mvuto wa milimita 100 tu, na hutokeza nje na kurudi ndani kila unapoiwasha na kuizima. Pale Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa, mchanga ni mwembamba na upepo unaubeba, na bomba la lenzi linaloingia na kutoka halipatani na mchanga wa aina hiyo.

Kati ya Sony a6000 na Olympus, tofauti ya gramu 132 haimshtui mtu. Kilichoniamulia ni kituliza mtikisiko kilicho ndani ya bodi ya Olympus, ambacho hufanya kazi na lenzi yoyote utakayofunga, na bei za lenzi zilizotumika. Gharama yake niliijua tangu mwanzo: sensa hiyo ina eneo kama robo ya sensa kubwa, kwa hiyo gizani chenga zinakuja mapema. Dawa yake ni lenzi moja yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Nikaongeza 45 f/1.8, gramu 116, na mkoba mzima ukafika gramu 789.

Kununua kulinichukua muda mrefu kuliko kuchagua. Kigoma vitu hivi havipatikani dukani, kwa hiyo nilimtumia mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, naye akatafuta winga, yaani dalali wa kumtafutia bidhaa, Kariakoo. Lenzi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa safi kwa nje. Nikamwambia, "Mjomba, usiitazame kwa macho hivyo hivyo. Washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma, uchungulie kwa mbele ukiwa umeiinamisha." Akaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo. Hiyo ni fangasi, na huko kwetu kwenye unyevu wa ziwa haiponi, inakua. Tukaiacha. Winga alinuna, akaleta nyingine siku iliyofuata.

Vipimo vingine nilivyompa vilikuwa hivi. Awashe na kuzima kamera mara nyingi, asikilize kama lenzi inatoka bila kukwama. Abane tundu hadi f/16, apige picha ya anga tupu, aikuze aone kama kuna madoa, kwa sababu madoa yanayokaa pale pale kwenye kila picha ni vumbi au mkwaruzo kwenye sensa. Akiinue na kukishusha kioo cha nyuma, kile kinachoinuka, aone kama picha inakatika. Na memori kadi asiiamini hata kama imo kwenye pakiti yake: aijaze yote kwa video kisha aifungue kwenye kompyuta aone kama inacheza mpaka mwisho. Kadi za bandia huandikwa ukubwa zisiokuwa nao, na unakuja kugundua ukiwa porini.

Bei niliyolipa ni hii. Bodi na lenzi ya 14-42, laki nane. Lenzi ya 40-150, laki mbili na nusu. Ile ya 45, laki nne. Betri mbili za akiba na chaja ya USB, elfu tisini. Winga, elfu thelathini. Jumla milioni 1.57. Niliiuza 18-200 yangu kwa laki tatu na nusu, kwa hiyo kilichotoka mfukoni ni milioni 1.22. Kwa mtu wa kipato changu hizo ni harusi kadhaa za kufunga mkanda, na kwa wiki nzima nilikosa usingizi nikijiuliza kama nimenunua kifaa cha kuchezea.

Jibu lilianza kuja Kibirizi. Ule ndio mwalo ambako boti za dagaa hurudi asubuhi baada ya kuvua usiku kwa taa. Usikose kuangalia mwezi kabla ya kwenda: wavuvi wa dagaa wanategemea giza ili taa zivute samaki, kwa hiyo siku za mbalamwezi kubwa boti nyingi hulala na utakuta mchanga mtupu. Nilikuwa nimekwisha kwenda pale na ile Nikon, watu wakasimama kunitazama na wengine wakaniuliza natoka gazeti gani. Safari hii mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniita. "Siku ile ulikuja na mtambo, tukadhani ni mtu wa serikali. Leo karibu, mwanangu." Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa, akanipa, na nikapiga picha huku akiendelea kutandaza dagaa na kuzungumza. Mikono yake haikusimama. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta muda wote.

Hata hivyo udogo wa kamera usikupe ruhusa ambayo hujapewa. Kamera ndogo inaweza kuonekana ya mtu anayeiba picha, na watu wa mwaloni wamechoka kupigwa picha na wasiowajua. Omba kwanza. Bandarini, kwenye vituo vya polisi na karibu na kambi za jeshi ni lazima uulize wahusika kabla hujainua mkono, na kambi za wakimbizi huingii bila kibali cha serikali, sembuse kupiga picha.

Gombe ndiko nilikojifunza zaidi, na ndiko ushauri wa watu wengi unakokosea. Karibu kila mtu atakwambia kuwa kwa wanyama unahitaji lenzi ndefu kadiri utakavyoweza. Serengeti, sawa. Gombe ni kitu kingine. Hifadhi ni ndogo, ni mabonde yenye msitu yanayoshuka kwa kasi hadi ziwani, na sokwe wa pale wamezoea watu kutokana na utafiti ulioanza Jane Goodall alipofika Julai 1960. Kanuni inakutaka ukae mita 10 kutoka kwao, uvae barakoa, na usitumie flashi. Tatizo lako la kwanza basi si umbali. Ni giza la chini ya miti.

Fanya hesabu. Lenzi ya 45 kwenye sensa hii, kwa mita 10, inaona upana wa mita 3.8 hivi. Sokwe aliyekaa anaingia pamoja na gogo lake, majani yake na mwenzake anayemtoa kupe. Ile 40-150 ikivutwa mpaka mwisho inaona upana wa kama mita 1.15, yaani uso na mabega. Zote mbili ni picha nzuri. Lakini 40-150 ikiwa imevutwa hivyo, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na 45 inafunguka hadi f/1.8, ambayo inapokea mwanga karibu mara kumi. Pale nilipopiga kwa f/1.8, kasi ya 1/250 ya sekunde na ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kuongeza mwanga kwenye sensa, na kikipanda chenga zinaongezeka), lenzi ndefu ingenidai ISO 16,000 hivi. Kwa sensa hii hiyo ni chenga tupu. Kituliza mtikisiko hakikusaidii hapo, kwa sababu kinatuliza mkono wako. Sokwe anayegeuza kichwa hakitamtuliza.

Kwa hiyo niliingia msituni na 45 ikiwa imefungwa kwenye kamera na 40-150 mfukoni, nikaitoa mara chache, penye mwanya wa miti. Wageni wawili tulioongozana nao walikuwa na lenzi ndefu nzito. Njiani kuelekea maporomoko ya Kakombe muongozaji wetu aliwabebea mabegi. Mimi nilikuwa na mkono mmoja wa kushikia mizizi, na kwenye vile vilima unauhitaji.

Vitu viwili vya Gombe sikuvisoma popote. Ukivaa barakoa, pumzi inapanda juu na kutia ukungu kitazamio cha kamera. Acha kitazamio, inua kioo cha nyuma, shika kamera kifuani. Sokwe hata hawakujali. Pili, weka shata ya kimya, ile isiyotoa mlio, na hapo utapiga bila kumkera mnyama wala muongozaji.

Shata hiyo hiyo ya kimya izime ukipanda treni. Nilikuwa natoka Kigoma kwenda Tabora, kupitia Uvinza na bonde la Malagarasi, nimekaa dirishani, na nguzo zote za pembeni zikatoka zimeinama kama zimepigwa na dhoruba. Shata ya kimya inasoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo kitu kinachopita upesi kinapinda. Rudisha ya kawaida, weka kasi ya 1/1000 au zaidi kwa vitu vya karibu, na elekeza kamera kwenye vitu vya mbali pale behewa linapotikisika sana. Dirisha likifunguka, fungua. Lisipofunguka, sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, maana ukikigusa mtetemo wote wa behewa unaingia kwenye picha.

Ndani ya behewa lenyewe, usiku, 14-42 haikufaa kitu na 45 ilikuwa ndefu mno kwa watu waliokaa goti kwa goti. Hapo ndipo nilipotamani ile Panasonic 20 f/1.7, ambayo ina gramu 100 tu. Bado sina. Nikiipata, 14-42 itabaki nyumbani.

Kuna niliyoyapoteza pia, na sitaki kumficha mtu. Betri ya D7000 inapimwa kwa picha 1,050 kwa chaji moja. Ya E-M10 Mark II ni 320. Ndiyo maana nina tatu, na chaja inayochomekwa kwenye pawabanki, kwa kuwa kamera hii haichaji kwa waya wa USB moja kwa moja na vijiji vingi vya mwambao vinategemea sola. Fokasi yake ni ya haraka kwa kitu kilichotulia, lakini furukombe akiruka kutoka mtini kuelekea majini inamkosa mara nyingi. Nikon ingempata. Mshiko wake ni mdogo, na mwenye vidole vinene atabonyeza asichokusudia. Harusi nitaendelea kupiga kwa ile kubwa.

Na maji. Kamera hii haijazibwa dhidi ya mvua wala vumbi, na boti za abiria za kutoka Kibirizi zinarusha maji hasa ziwa likichafuka mchana. Mimi hutumia kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa kubana kwa klipu, na ndani nimelaza kitambaa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Linaingia kwenye begi la kawaida la mgongoni na hakuna anayejua kuna nini ndani. Vipakiti vinyevu navianika juani au kuvibadilisha, hasa masika. Lenzi nachagua nikiwa bado nchi kavu, na siibadilishi mpaka nifike. Kubadilisha lenzi juu ya mchanga wa Kibirizi au ndani ya boti ni kukaribisha vumbi ndani ya sensa, na fundi wa kuisafisha vizuri yuko mbali.

Watu wananiuliza sana kuhusu megapikseli 16, kwamba ni chache siku hizi. Picha yake ina nukta 4608 kwa 3456. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata sentimita 39 kwa 29, yaani karibu A3. Nimeichapisha hivyo ya yule mama wa Kibirizi, nikampelekea, na kila gamba la dagaa linaonekana.

Mwenye fedha ya lenzi moja tu ya nyongeza aangalie safari zake zilivyo. Kama ni msitu, watu na jioni, anunue 45 kwanza. Kama ni boti, reli na ng'ambo ya ghuba, aanze na 40-150, ambayo ndiyo ya bei ndogo kati ya hizo mbili na inakaa vizuri hata mfuko wa koti.